Tone Moja Asubuhi, Tone Moja Jioni

Jumanne, 11 Juni

Mwalimu wa Chiriku amewaagiza watoto waandike shajara likizo nzima. Chiriku aliandika siku moja, "Leo nimeamka," akaona kazi imekwisha. Daftari lenyewe zuri, lina jalada gumu, na mimi sipendi kitu kizuri kilale bure. Nimelichukua. Yeye atamsimulia mwalimu kwa mdomo, maana hatukumwita Chiriku kwa bahati mbaya.

Basi tuandike. Nyumba hii ina watu watatu na mheshimiwa mmoja. Mimi nashona sare za shule. Baba yangu ni fundi saa. Chiriku ni binti yangu, ana miaka tisa. Tulihamia hapa kwa Baba miaka minne iliyopita, mume wangu alipofariki. Mheshimiwa ni simbilisi wa Chiriku, mnyama mdogo kama sungura wa masikio mafupi, mweupe mwenye mabaka ya kahawia, hafanyi kazi yoyote, anakula tangu asubuhi hadi jioni, na akisikia mlango wa jikoni anapiga kelele kudai haki zake. Jina alipewa na Baba.

Shule zinafunguliwa wiki ya pili ya Septemba. Nina sketi mia na arobaini za marinda mbele yangu. Upepo umeanza leo, mapema kuliko miaka yote ninayoikumbuka.

Ijumaa, 14 Juni

Upepo. Vumbi limeingia hadi kwenye sukari.

Alhamisi, 20 Juni

Jicho la kushoto la Mheshimiwa limefumba nusu. Ni jekundu, linatoa maji, na manyoya chini yake yamelowa. Chiriku amelia, akasema anakonyeza kwa maumivu.

Baba na mimi tunafanyia kazi chumba cha mbele, dirisha moja. Meza yake iko katikati, cherehani yangu iko kushoto kwake. Aliweka chini saa aliyokuwa akiifungua, akamchukua Mheshimiwa mapajani.

"Vumbi tu hili," akasema. "Sindano, nipe ile chupa yangu."

Sindano ni mimi. Alianza kuniita hivyo kabla sijajua kushona, kwa sababu ya mdomo.

Chupa ni ya matone ya macho. Inakaa kwenye kizingiti cha dirisha, pembeni ya chupa ya mafuta ya saa. Macho ya Baba yanawasha kila kiangazi, na mdogo wangu anayeuza dawa amekuwa akimletea matone hayo tangu mwaka tuliohamia. Yana ajabu yake. Baba anaamka macho mekundu kama mpishi wa kuni, anatia tone, na kabla chai haijapoa macho yamekuwa meupe kama ya bwana harusi.

"Saa ikigoma huipigi nyundo," alimweleza Chiriku. "Unatia tone moja, mahali pake. Basi."

Tone la kwanza lilianguka puani mwa Mheshimiwa. La pili sikioni. Baba akacheka, akasema mkono umezeeka, nikamtia mimi. Jioni wekundu ulikuwa umepungua sana. Baba alinitazama kama mtu aliyeshinda kesi.

Jumapili, 23 Juni

Mdogo wangu amekuja na chupa mpya mbili. Tunamwita Koti, kwa sababu ya lile koti jeupe la dukani ambalo halivui hata Jumapili. Hakusomea udaktari, alisoma miezi michache tu ya kuuza dawa, lakini mtaa mzima unamwonyesha ndimi na majipu. Nampenda. Mama alipokufa yeye alikuwa anatambaa, nikamlea mgongoni. Nikimwona anamjali Baba hivi, nasema malezi yangu hayakupotea.

Chupa moja ya Baba, moja ya Mheshimiwa. "Mara mbili kwa siku, dada," akasema, "na kama bado, mara tatu."

Baba aligonga kikombe cha chai kwa kiwiko cha kushoto, kikamwagikia kola nne nilizokuwa nimeshapiga pasi. Nilimgombeza Chiriku kwa kuweka kikombe ukingoni. Chiriku anasema hakuwa ameweka ukingoni.

Jumatatu, 1 Julai

Tone moja asubuhi, tone moja jioni. Jicho halina wekundu hata kidogo. Sketi thelathini na mbili.

Alhamisi, 4 Julai

Mama mmoja amerudisha saa yake ya mkononi. Baba aliitengeneza wiki iliyopita na imesimama tena. Tulipoifungua, skrubu moja ndogo haikuwemo kabisa. Tukaikuta sakafuni, chini ya meza, upande wangu.

Baba akamwambia yule mama kwamba saa za siku hizi ni plastiki, hazina heshima, na kwamba tangu leo anapokea saa za ukutani tu. Alisema kwa sauti ya kujivuna. Baadaye nilimwona amekaa na lenzi yake jichoni muda mrefu, na mezani hapakuwa na saa.

Upepo.

Jumanne, 9 Julai

Siku mbaya. Katikati ya jicho la Mheshimiwa pametokea doa jeupe, kubwa kama punje ya mchele. Wekundu hakuna, doa lipo. Hataki kula. Mlango wa jikoni umefunguliwa mara kumi na hakudai kitu. Nimeongeza matone, sasa ni mara tatu, kama alivyosema Koti.

Kisha nikatafuta mchawi. Nyuma ya ukuta wetu anakaa Mama Pasi, anafua na kunyoosha nguo za watu, na anatumia dawa kali ya kung'arisha nguo nyeupe. Harufu yake naijua. Nilikwenda kwake na hasira zangu zote, hata salamu nikaisahau.

"Dawa yako inampofusha mnyama wa mtoto wangu," nikamwambia.

Alikuwa anakunja shuka. Hakuacha kukunja.

"Dawa yangu inakaa kwenye ndoo yenye mfuniko. Na upepo wa mwezi huu unatoka kwenu kuja kwangu, vumbi lenu ndilo ninalolifua mara mbili. Wewe mtu wa vipimo, huoni upepo unakotoka?"

"Basi ni nini?"

"Sijui. Lakini kikulacho ki nguoni mwako, jirani. Angalia ndani kwako kwanza." Kisha akanitazama vizuri. "Na Baba yako mmemwambia nini juu yangu? Jana kanipita hapo barazani kama anapita mti. Nimemwamkia shikamoo mara mbili. Alipogeuka kichwa ndipo akaitikia, na uso wenyewe wa mtu aliyeshtuka."

Nikamjibu kwamba Baba anamsalimia anayempenda. Nilikuwa nimevimba kwa kiburi, nikaondoka hivyo hivyo.

Nilipomsimulia Baba nilitegemea acheke. Hakucheka. "Nilimpita nani?" aliuliza, na hakuuliza tena.

Jumatano, 10 Julai

Tone asubuhi, tone mchana, tone jioni.

Jumatatu, 15 Julai

Jicho zima limekuwa la rangi ya maziwa yaliyochanganywa na wino. Limetoka nje kidogo. Mheshimiwa anakaa kona moja ya sanduku lake, shingo ameigeuza upande, kama mzee anayesikiliza taarifa ya habari.

Leo mchana nilimwangalia yeye, kisha nikamwangalia Baba, akimimina chai. Baba naye alikuwa ameigeuza shingo vilevile, anakitafuta kikombe kwa upande wa uso. Nikacheka kwa sauti. "Mheshimiwa na waziri wake," nikasema. Chiriku akacheka pia. Baba alimimina chai hadi ikafurika kisosi, akaisikia, akaacha.

Kesho nampeleka kwa daktari wa mifugo. Koti amesema nisihangaike, niongeze tone la nne.

Jumanne, 16 Julai

Nitaandika yote kama yalivyokuwa.

Kituo cha mifugo kina ua wa saruji na mabomba ya maji. Mbele yangu palikuwa na ndama mwenye kuhara na wanaume wawili wenye kuku ndani ya vikapu. Nilikaa na sanduku la viatu mapajani, nikijiona mjinga. Daktari ni mwanamke mfupi mwenye mabuti ya mpira, mikono imelowa hadi kwenye kiwiko. Nilitegemea anicheke. Alipofunua sanduku hakucheka.

"Tangu lini?"

"Karibu mwezi."

Alimgusa jicho kwa kijikaratasi chenye rangi, akasubiri, akamulika kwa kurunzi ndogo ya mwanga wa buluu. Jicho lote likawaka kijani. Nilidhani ni jambo zuri kwa jinsi lilivyopendeza.

"Palipo kijani ndipo palipo kidonda," akasema. "Pangekuwa na nukta tu. Huyu kidonda kimemla jicho zima. Umempa nini?"

Nikatoa chupa, ikiwa bado ndani ya boksi lake. Nilikuwa na fahari kidogo, naapa, kwamba sikumwacha bila dawa. Akasoma jina. Akavuta pumzi ndefu puani.

"Nani alikuandikia hii?"

"Ni ya nyumbani."

"Mama, sikiliza. Huyu alichomwa na jani kavu, au punje ya vumbi. Wiki moja angepona. Matone haya hayatibu kidonda. Yanaulaza mwili usipigane. Yamekaa mlangoni, yamezuia jicho lisijitibu."

"Lakini wekundu uliondoka. Siku ileile."

"Ungeondoka, ndiyo. Wekundu ni kilio cha jicho. Wewe umemziba mtoto mdomo, ukafurahi kwamba amepona."

Nilihesabu matone kichwani. Mkono uliotia ni huu ninaoandikia.

Akasema jicho halifai tena, itabidi litolewe Alhamisi, na kwamba wanyama wadogo hivi wakati mwingine hawaamki kutoka kwenye usingizi wa dawa. Kisha akapima lile la kulia. Alichukua kijipamba, akakishika juu kidogo ya uso wa Mheshimiwa, akakiachia. Pamba ikashuka polepole. Mheshimiwa akaifuata kwa kichwa.

"Pamba haina sauti wala haileti upepo," akanieleza. "Akiifuata, anaona. Asipoifuata, haoni. Utampima hivi kila wiki."

Nilikuwa nimeshafunga sanduku aliposema, bila kuniangalia, akinawa mikono:

"Nani mwingine anatumia chupa hii nyumbani?"

"Hakuna," nikasema.

Alinigeukia. Akatoa kutoka ndani ya boksi ile karatasi ya maelezo, imekunjwa mara nane, haijawahi kufunguliwa, akaniwekea kiganjani. "Soma," akasema. "Ukiwa umekaa."

Sijaisoma. Iko ndani ya boksi la vifungo.

Alhamisi, 18 Julai

Jicho limetolewa. Ameamka. Ana mshono wa nyuzi nne, nami kama fundi nasema ni mshono mzuri. Tunamlisha kwa bomba lisilo na sindano, pilipili hoho iliyosagwa, tone kwa tone. Chiriku hajasema neno tangu asubuhi. Miaka tisa, haijawahi kutokea.

Baba aliniomba chupa yake saa mbili asubuhi. Nikampa.

Ijumaa, 19 Julai

Baba ameomba chupa. Nimempa. Upepo haujalala siku ya thelathini na tisa leo.

Jumamosi, 20 Julai

Nimeisoma karatasi.

Nainakili hapa ili nisije nikajidanganya kwamba niliisoma vibaya. *Isitumike zaidi ya siku kumi bila uangalizi wa daktari. Matumizi ya muda mrefu yanaweza kupandisha presha ndani ya jicho na kuharibu mshipa wa kuona. Uharibifu huo huanza pembeni, hauna maumivu, na haurekebishiki.*

Siku kumi. Baba ana miaka minne.

Niliichukua chupa kizingitini nikaitupa jalalani, na ile ya Mheshimiwa pia. Baada ya muda Baba akanyoosha mkono kuitafuta. Hakuangalia. Alipapasa kizingiti chote kwa vidole, polepole, akagusa chupa ya mafuta ya saa, akaiinua karibu na pua, akainusa, akairudisha.

Akainusa. Nilikuwa nimekaa hatua moja kutoka kwake na sikuwahi kujua kwamba anazitofautisha kwa harufu.

"Sindano, chupa yangu iko wapi?"

"Imekwisha, Baba."

"Mwambie Koti alete nyingine."

"Nitamwambia."

Nimeshona sketi kumi na mbili leo, na kati ya hizo tano marinda yanaelekea upande usio wake. Naogopa. Nimeandika neno hilo na bado naogopa.

Jumatatu, 22 Julai

Asubuhi nilimpima Mheshimiwa kama nilivyofundishwa. Pamba ikashuka upande wa kulia, akaifuata. Vizuri.

Kipande cha pamba kikabaki kiganjani mwangu.

Baba alikuwa mezani, ameinama juu ya saa ya ukutani ya ofisi fulani, anasafisha gurudumu kwa mswaki. Alikuwa anapiga mluzi. Chiriku alikuwa nje. Nilisimama nyuma ya bega lake la kushoto kama mwizi, nikanyoosha mkono, nikaiachia pamba mbele ya jicho lake.

Ilishuka. Ilipita shavuni kwake, karibu kabisa. Baba aliendelea kupiga mluzi.

Nikaiokota. Nikahamia kulia. Nikajiambia huku ataiona, huku ndiko anakoweka lenzi, huku ndiko jicho la kazi. Nikaiachia.

Ilishuka. Ilipita usawa wa sikio, usawa wa jicho, usawa wa mdomo. Ilipofika mezani, juu ya gurudumu hasa, mbele ya ncha ya mswaki wake, ndipo aliposhtuka.

"Hii nayo imetoka wapi?" akasema. Akaipuliza.

Nilikwenda jikoni nikawasha bomba la maji, nikalia humo ili lisikike bomba tu.

Jumanne, 23 Julai

Nimemwambia. Sikuona namna ya kuzunguka.

"Baba, kesho tunakwenda hospitali ya macho."

"Kufanya nini? Macho yangu hayaumi."

"Ndiyo maana."

Nikamsomea karatasi. Alisikiliza huku akifuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja. Nilipomaliza akasema mficha maradhi kilio humuumbua, kisha akasema lakini yeye hajaficha kitu, huo ni uzee, na kwamba Koti hawezi kumletea kitu kibaya. Akaniambia niwaonee huruma watoto wa shule, niende nikashone.

Nikakaa nikashona. Cherehani nayo ikakata uzi kila dakika, kama imegoma.

Alhamisi, 25 Julai

Koti amekuja. Nilimpokea nje, sikumruhusu aingie.

Sitaandika yote niliyomwambia. Nilisema mambo ambayo mama hamwambii mtoto. Nilimwambia amempofusha baba yake kwa tabasamu. Nilimwambia lile koti alivue.

"Dada, alikuwa ananiomba," akasema. "Kila nikija, cha kwanza ni chupa. Ningemnyima baba yangu? Yalimsaidia. Uliona mwenyewe."

"Wewe unauza dawa! Karatasi uliisoma?"

Akasema polepole, "Nani anasoma zile karatasi, dada?"

Nilitaka kumpiga. Halafu nikakumbuka kwamba boksi lilikaa dirishani kwangu miaka minne, na mimi nasoma hata magazeti ya kufungia vitumbua vya watu. Nikakaa chini barazani. Akakaa kando yangu. Lile koti alilivua, akalikunja, akaliweka mapajani. Tulikaa hivyo tukilia wote wawili, na Mama Pasi akapita na kikapu cha nguo, akageuza uso upande mwingine kwa adabu. Namshukuru kwa hilo.

Koti ndiye aliyeingia ndani akamshawishi Baba. Sijui alimwambia nini. Alitoka akasema, "Jumatatu."

Jumatatu, 29 Julai

Hospitali. Walimpulizia upepo machoni, wakampima presha, muuguzi akaandika namba kisha akaenda kumwita mwenzake aje aitazame ile namba.

Halafu kile kipimo cha taa. Wanamkalisha mtu mbele ya bakuli kubwa jeupe, jicho moja limefunikwa, anapewa kibonyezo mkononi. Nukta za mwanga zinawaka humo ndani, huku na kule, na kila akiona moja anabonyeza. Waliniruhusu nisimame nyuma ya kiti chake.

Baba alikaa wima, kidole kwenye kibonyezo, makini kama yuko juu ya saa ya watu. Alisubiri. Mimi niliziona zikiwaka. Moja juu, moja pembeni, moja chini, nyingine, nyingine. Kidole chake hakikwenda.

Baada ya muda akauliza kwa upole, asije akamuudhi muuguzi:

"Mwanangu, utaanza saa ngapi?"

Jumanne, 30 Julai

La kushoto limekwisha. La kulia limebaki tundu katikati, dogo. Daktari alinionyesha kwenye karatasi, doa jeupe ndani ya weusi. Mimi hupima kwa ninachokijua. Ni kama tundu la kifungo.

Kilichokwenda hakirudi. Kilichobaki kinaweza kulindwa kwa matone mengine, ya kweli, maisha yake yote, saa zilezile bila kuruka. "Au kinaweza kisilindike," akasema daktari. "Mmechelewa. Tutajaribu."

Ijumaa, 2 Agosti

Tone moja asubuhi, tone moja jioni. Maneno yaleyale. Mkono uleule. Kila mara kabla sijatia nasoma jina kwenye chupa, kwa sauti, mara tatu. Chiriku anasoma baada yangu.

Jumanne, 6 Agosti

Nilikwenda kwa Mama Pasi kuomba radhi. Nilikuwa nimeandaa maneno. Aliniachia mlango wazi, akanipa upande mmoja wa shuka nimsaidie kukunja. Tukakunja shuka kumi na moja. Mwishoni akasema, "Atakuwa ananipita, basi mimi nitakuwa natangulia kumshika mkono."

Jumanne, 13 Agosti

Upepo. Sketi tisini na nane.

Jumanne, 20 Agosti

Presha imeshuka kidogo, haijashuka vya kutosha. Chupa ya pili imeongezwa. Kurudi tena baada ya wiki mbili.

Mheshimiwa amepona kabisa. Anapiga kelele jikoni kuliko zamani, na akitaka kukuangalia anageuka mwili mzima. Baba humweka mapajani siku nzima. "Sisi wawili tuna jicho moja na nusu," anawaambia wateja. Wateja hawajui kama wacheke.

Ijumaa, 30 Agosti

Leo asubuhi Baba aliniuliza ni saa ngapi. Kwenye ukuta mbele yake zilikuwa zimetundikwa saa saba.

Jumatano, 4 Septemba

Presha imekaa. Daktari hakuahidi kitu, alisema tu "imekaa." Baba amechukua saa moja ya ukutani ambayo mwenyewe hakuirudia, akairekebisha kwa vidole, kwa kusikiliza, akaifanya igonge mara mbili tu kwa siku. Saa mbili asubuhi, saa mbili usiku. Ikigonga, tunaacha yote tunatia dawa. Ilimchukua siku tisa. Zamani ingemchukua saa moja.

Jumamosi, 7 Septemba

Sketi ya mwisho nimeikunja leo mchana. Mia na arobaini. Na upepo umekata. Nilikuwa nimeuzoea kiasi kwamba kimya kilinitisha.

Kisha mvua. Ilianza mbali juu ya mabati ya watu, ikaja juu yetu. Chiriku akatoka kunyeshewa. Tukabaki Baba na mimi, kila mtu mahali pake, na Mheshimiwa mapajani kwake.

"Nilijua," Baba akasema.

Nikasimamisha cherehani.

"Nilijua zamani, Sindano. Mlipohamia hapa nilikuwa nikikaa hivi nakuona wewe na cherehani yako. Mwaka uliofuata nikawa naona mkono wako tu. Halafu nikawa naisikia cherehani. Nikasema, maadamu inalia, yupo."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia nini? Fundi saa asiyeona ni nani?" Alimpapasa Mheshimiwa pale penye mshono. "Huyu alipoanza kufumba jicho, mimi ndiye niliyemtilia tone la kwanza. Nimelifikiria hilo sana."

"Tone lako halikumfika, Baba. Lilianguka puani. Yaliyomfika yote ni yangu."

Akacheka kidogo. Mimi sikuweza kucheka. Niliinuka, nikachomoa waya wa taa, nikaishika cherehani kwa miguu yake ya chuma na kuiburuta. Ni nzito, ilikwaruza sakafu, ikapita nyuma ya kiti chake. Miaka minne nilikaa upande wake wa kushoto kwa sababu ndiko kulikokuwa na nafasi. Hakuna aliyeniuliza, nami sikuuliza. Nikaiweka upande wa kulia, mbele kidogo, nikasogeza kiti changu, nikakaa.

"Hapa je?"

Aligeuza uso. Alinitafuta kidogo, akapita juu yangu, akarudi, akanipata. Alikaa akiniangalia muda mrefu, kipande kwa kipande, kama anavyoangalia saa aliyoifungua kwa mara ya kwanza. Mvua ilikuwa inapiga sana.

"Hee," akasema. "Kumbe umeota mvi."

Mvi hizi ninazo mwaka wa tatu sasa.